Karani wa Maneno Mia Tatu

Karani wa dirisha la maombi, pale chuo cha uuguzi, hasomi barua; anazihesabu. Ncha ya kalamu yake inadonoa neno baada ya neno kama kuku kwenye mtama, midomo ikichezacheza, miwani imeng'ang'ania ncha ya pua. Binti wa kidato cha mwisho, aliyepanga foleni tangu alfajiri na wenzake mia nne wanaogombea nafasi thelathini, ameikodolea macho kalamu hiyo. Barua yake inaeleza kwa nini anautaka uuguzi: miezi saba alimgeuza bibi yake kitandani na kumsafisha vidonda. Mara kalamu inasimama. Karani anachukua rula, anapiga mstari, kisha anayafuta maneno ya chini yake kwa wino mwekundu, taratibu, bila chuki.

"Mia tatu yameishia hapa, mwanangu. Haya kumi na mawili yamezidi."

"Lakini mama, hapo ndipo bibi anapofariki."

"Basi angefariki mapema."

Anaupulizia muhuri pumzi ya moto, anaugonga: IMEKAMILIKA. "Mwingine!" anaita, uso haujainuka. Juu ya muhuri, barua imeishia hivi: *Bibi akaniomba maji, nami*