Siku Pikapu ya Mama Ilipotetemeka

Gereji nzima ilimwita Rula, kwa sababu alikuwa akipima chuma mara moja tu, akakikata, na hakuna aliyekumbuka kumwona amekosea. Jina lilimpendeza, tena lilimpendeza kupita kiasi. Fundi mwenzake akipima mara mbili mbele yake, Rula alimwuliza kama macho yake yameingia kutu.

Mama yake alikuwa na maumivu ya nyonga. Pikapu waliyoachiwa na marehemu baba ilikuwa imenyanyuka juu mno, na kila alipotaka kwenda kumwona dada yake, anayeishi mbali, ilibidi abebwe mzobemzobe kupandishwa kitini, wapita njia wakitazama. Aliona haya. Siku moja akamwambia mwanawe, "Nishushie hili gari, nipande mwenyewe kama watu wengine." Tena alikuwa na haraka. Macho ya mama mkubwa yalikuwa yanafifia, na daktari alikwisha sema hayatarudi. Mama alitaka dada yake amwone vizuri, aushibe uso wake kabla mwanga haujakatika.

Ipo njia rahisi ya kushusha pikapu. Ekseli ya nyuma inayokaa chini ya springi inahamishiwa juu yake, gari linashuka, na kazi inaisha jioni hiyohiyo. Mama angetosheka. Lakini Rula alikuwa amevimba kichwa. Alitaka pikapu inayolala tumbo chini ikiegeshwa na kuinuka ukibonyeza kitufe, nyuma ikibebwa na puto za hewa. Hapo springi zote hutolewa, na kwa kuwa springi ndizo zilizokuwa zimeishika ekseli mahali pake, lazima ufunge mikono: vyuma virefu kutoka kwenye chesisi hadi kwenye ekseli. Alipiga hesabu siku nzima. Angeweza kufunga mikono minne iliyonyooka sambamba, na chuma cha tano cha kukingama ili ekseli isiyumbe kushoto na kulia. Au afunge miwili ya chini iliyonyooka, na miwili ya juu iliyopanuka kama pembetatu, ambayo yenyewe huzuia kuyumba. Akachagua pembetatu. Uchaguzi huo ulikuwa mzuri, haki yake nampa.

Uharibifu ulikuja wakati wa kufunga. Mikono ya juu huwekewa nati kwenye ncha, uweze kuirefusha au kuifupisha kidogo mpaka pua ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, ikae sawa na propela, mhimili unaoleta nguvu kutoka kwenye injini. Fundi rangi, jirani yake wa pale gereji, aliuliza nati ziko wapi. Rula akajibu kwamba hizo ni za watu wasioamini vipimo vyao, akachomelea moja kwa moja. Kibaya zaidi, alichomelea pikapu ikiwa imelala tumbo chini, kwa sababu ndivyo alivyokuwa akiiona kichwani tangu mwanzo. Ikiwa imelala, difu na propela zilitazamana vizuri kabisa. Lakini nani anaendesha gari lililolala? Ukiinua hadi kimo cha kutembea, mikono inageuka, pua ya difu inainama, na propela inazunguka kwa tabu.

Safari ya kwanza, mama alipanda mwenyewe, akajiweka sawa kitini, akatabasamu. Walipoingia barabara kuu na kuongeza mwendo, mtetemo ukaanzia sakafuni, ukapanda kitini, ukawafika kwenye meno. Rula alijua palepale. Alikuwa anafungua mdomo aseme, mama akamtangulia. Alikuwa ameinua viganja vyake na kuvitazama.

"Mwanangu, natetemeka," alisema. "Naona uzee umeshanifika mwilini."

Palihitajika maneno mawili matatu tu. Badala yake Rula alisema, "Pole, mama," akapunguza mwendo, akageuza gari. Kwenye mwendo mdogo mtetemo ulikatika, na mama akasema afadhali, sasa mwili umetulia kidogo.

Tangu siku hiyo hakutaka tena safari. Alimpigia dada yake simu, akamwambia ajikaze, mwili umemkataa. Nyumbani akaanza kuomba chai nusu kikombe asije akaimwaga, na kikombe chenyewe akakishika kwa mikono miwili. Rula aliona yote hayo na kujifanya hamnazo.

Mtu atauliza, si angekata ile mikono akairekebisha? Angeweza. Lakini pikapu ilikuwa inalala mlangoni pa gereji tumbo chini, ikipigwa picha, ikileta wateja kila wiki, na kuikata pale ni kukiri mbele ya wote waliomwita Rula. Akawa anasema wiki ijayo, na wiki ijayo ikifika anasema tena hivyohivyo. Na nitasema lililo baya kuliko yote: magari ya wateja aliyawekea mikono yenye nati, akayapima yakiwa kwenye kimo cha kutembea, tena mara mbili. Watu asiowajua waliondoka na magari yaliyotulia barabarani. Aliyetetemeka ni mama yake peke yake.

Miezi ikapita hivyo, mpaka binti wa mama mkubwa alipopiga simu. Mwanga ulikuwa umekatika. Mama alilia bila sauti, kisha akasema atakwenda, hata kama atafika vipandevipande.

Asubuhi yake Rula aliingia chini ya pikapu mbele ya macho ya watu, akaikata mikono ya juu. Fundi rangi akaja na kikombe chake cha uji, akachungulia, akauliza kulikoni. "Nilikosea," Rula akasema. Fundi rangi alikuwa na mzaha ulioiva mdomoni, lakini alipomwona uso akaumeza, akainama kumshikia tochi. Wakaweka nati, wakainua puto hadi kimo cha kutembea, wakapakia mifuko ya mchanga ili gari likae na uzito wake, wakairudisha pua ya difu mahali pake. Kabla ya saa ya chakula kazi ilikuwa imekwisha, na hilo ndilo lililomchoma. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja.

Njiani mama aliweka viganja mapajani, akisubiri mtetemo. Haukuja. "Leo mwili umenihurumia," alisema. Rula akaendelea kutazama barabara.

Mama mkubwa aliwapokea akiwa ameketi. Akaupapasa uso wa mdogo wake kwa vidole, polepole, kuanzia kwenye paji la uso.

"Ungekuja nikiwa bado naona," alisema, bila lawama.

"Mwili ulinikataa, dada. Usinilaumu mimi."

Rula alikuwa amekaa karibu na mlango. Roho ilimsuta mpaka akasimama.

"Mama, mwili wako haukuwa na kitu," alisema. "Gari ndilo lililokuwa linatetemeka. Nililifunga vibaya, na nilijua siku ileile."

Vidole vya mama mkubwa vikatulia shavuni kwa mdogo wake.

"Ulijua," mama alisema.

"Nilijua."

Hakumfokea. Angemfokea, Rula angeshukuru. Aligeukia dada yake, akaanza kumweleza jinsi yeye mwenyewe alivyo sasa: nywele za mbele zimekuwa nyeupe zote, jino la pembeni limeng'oka, amekonda kidogo shingoni, leo amevaa gauni la bluu walilonunua pamoja. Mama mkubwa alifuata kwa vidole, akiitikia kwa kichwa. Alipofika kwenye kola ya gauni aliuliza kama rangi haijapauka. Mama akasema imepauka. Rula alisikiliza kila neno, hakuwa na pa kwenda.

Baadaye yule binti alileta chai. Alikwisha ambiwa kwa simu habari za mtetemo, kwa hiyo akamimina nusu kikombe. Mama akakirudisha.

"Nijazie," alisema.

Binti akajaza mpaka kwenye ukingo. Mama akakiinua kwa mkono mmoja, akaunyoosha mkono mbele yake, akakishikilia hapo. Halikumwagika hata tone. Alikitazama kikombe kwa muda, kisha akamtazama mwanawe.