Koti la Karani wa Chama

Uzi ndio Ramula aliouona kwanza: mwekundu, ndani ya koti jeusi. Fundi gani hushona bitana nyeusi kwa uzi mwekundu? Labda mtu asiye fundi, tena mwenye haraka.

Hayo yalikuwa wiki iliyopita. Leo, saa tatu asubuhi, Ramula analipiga pasi koti hilohilo barazani Nalufenya, mjini Jinja. Ana miaka ishirini na miwili. Aliacha shule darasa la tano, akakalia cherehani. Siku njema hupata shilingi elfu kumi na tano. Maneno yake ni machache.

"Huyu akiongea, mvua inanyesha," anatania Shakira, fundi mwenzake.

Koti ni la Mzee Geresom, mkazi wa Nkoma, Mbale. Alilileta lipanuliwe, alivae Siku ya Uhuru.

"Baba yangu alikuwa karani wa chama hapa Jinja," alimwambia Ramula. "Walikutana kwa siri, wakachanga senti, wakagawa kadi, mpaka Mzungu akaondoka. Nitasimama mbele ya watu na koti yake, mama. Sina urithi ingine."

Ramula alipofumua bitana, karatasi ikadondoka. Majina kumi na moja ya wanachama. Matatu yametiwa msalaba, na la mwisho kati ya hayo matatu ni "Marjan fundi, Nalufenya".

Marjan ni babu yake. Alikamatwa kabla ya Uhuru, akafungwa mwaka mzima. Alikufa bila kujua nani alimtaja kwa polisi.

Siku saba sasa kichwa kinamzunguka Ramula. Msalaba ni wa aliyechelewesha ada, au wa aliyeuzwa? Karani aliificha karatasi polisi wasiione, au aliwaandikia haohao polisi? Jana alimwona shujaa. Usiku akamwona msaliti. Asubuhi hakujua tena.

Aliirudisha karatasi mahali pake, akatafuta uzi mwekundu, akashona.

Mzee Geresom anafika, anavaa, anajitazama kiooni. "Eh, mama! Sasa nimekuwa baba kabisa."

"Mzee, unaenda Uhuru ama unaenda kuoa?" Shakira anamchokoza.

Mzee anacheka hadi machozi, anageuka kuondoka. Ramula anamshika mkono wa koti. Shakira anaacha kukanyaga cherehani.

"Mzee, kuna karatasi ndani ya bitana. Babu yangu yuko humo. Mimi sijui baba yako alimficha ama alimuuza. Kaa chini, tufumue pamoja."