Mama Ryan Alisema Anafunga

Rael, tuliyemwita Mama Ryan, alifua vitambaa vya altare katika kanisa letu hapa Amu, yaani Lamu mjini, kwa miaka minane. Aliviloweka kwa sabuni ya kipande, akavisuuza kwa maji ya mvua aliyoyaweka akiba kwa sababu maji ya kisima chao yana chumvi, kisha akavitia wanga wa unga wa muhogo. Vikishakauka alivipiga pasi ya makaa mpaka vikasimama vyenyewe. Padre alizoea kututania kwamba mtu akitaka kujua kama Mama Ryan ni mzima, aguse kitambaa cha altare. Mimi nilikigusa mara nyingi na sikujua kitu.

Naandika habari zake kwa sababu nilimkosea, na waliosikia kosa langu ni wengi kuliko waliosikia ukweli.

Alikuja Lamu kutoka Nyamira akimfuata mumewe, aliyekuwa akichonga mawe kule Manda. Vumbi la mawe lilimwingia yule bwana kifuani, akafa, akamwachia Rael mtoto mmoja, Ryan, ambaye sasa yuko shule ya bweni Mpeketoni. Rael akapata kazi ya kufua mashuka katika hoteli moja ya Ras Kitau, ng'ambo ya maji. Kila asubuhi alipita mbele ya meza yangu ya mboga akielekea gatini, mkoba begani, leso kichwani.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mama Wairimu."

"Milele na milele, amina. Safari njema, Mama Ryan."

Kama kuna mgonjwa katika Jumuiya yetu ya Mtakatifu Monika, yeye ndiye aliyefika wa kwanza. Kama kuna pakiti ya unga ya kumpelekea mjane, yeye ndiye aliyeibeba. Labda ndiyo sababu hakuna aliyewahi kufikiri kwamba siku moja pakiti ingepaswa kupelekwa kwake.

Mwaka ninaousema ni ule ambao Kwaresima na Ramadhani zilikutana. Sisi tulikuwa tunafunga na wenzetu wanafunga, ila wao wanajua saa ya kufungua na sisi kila mtu na dhamiri yake. Katikati ya mji hupati hata chai mchana. Mimi sina ubaya na Waislamu. Nimeishi nao miaka ishirini, nawauzia viazi, wananiuzia samaki. Lakini mwaka ule nilikuwa na hofu yangu. Binti yangu Wairimu alikuwa amemaliza kidato cha nne, hana kazi, na kila alasiri alikuwa kwa rafiki yake Hafswa. Akirudi ananukia udi. Nilikuwa nikimsubiri alale ninuse nguo zake, kama mama mwingine anavyonusa pombe. Hafswa ana kaka. Nilishamwona Wairimu ameolewa, amebadili jina, na mimi nimekaa peke yangu kanisani kwenye benchi letu. Mtu mwenye hofu ya namna hiyo huona anachokiogopa kila mahali.

Basi siku moja nikamwambia Rael, alipokuwa akipita saa ya jioni, "Mama Ryan, umekonda! Unafunga kweli kweli mwaka huu."

"Nafunga," akasema.

"Na unafungua na nini, peke yako kule?"

"Nafungua kwa Bi Mwanamkisi." Akatabasamu kidogo, akapita.

Bi Mwanamkisi ni jirani yake, mke wa mtu mwenye duka la vitambaa, mama wa Kiamu hasa. Neno lile likanikaa moyoni. Mkristo anafunguaje kwa Mwislamu, kwa mwadhini, kwa tende? Siku mbili baadaye Bi Mwanamkisi mwenyewe akaja mezani kwangu kununua vitunguu. Kulikuwa na punda wawili wamebeba mchanga, mmoja analia kama anachinjwa. Bi Mwanamkisi akaniinamia, akasema, "Mwenzenu yule yuna ndia. Nawambia muyue."

Hivyo ndivyo nilivyosikia. Maneno ya Kiamu sikuyajali sana, lakini ndia nilijua ni njia, kwa sababu kila siku naelekezwa ndia ya huku na ndia ya kule. Yuna ndia: ana njia yake. Nikaona mama huyu amekuja kunijulisha kwa adabu kwamba Rael si wetu tena.

Wiki ya tano ya Kwaresima jumuiya ilikutana barazani kwa Kwamboka kupanga pakiti za Pasaka. Kila mwaka tunakusanya unga, maharagwe, mafuta na sukari, tunazipa nyumba zenye shida zaidi. Mwenyekiti wetu Mugambi, mwalimu mpole anayependa kila jambo liende kwa utaratibu, alisoma majina. Akafika kwa mtu aliyependekezwa na padre.

"Mama Ryan."

"Huyo mruke," nikasema.

"Amruke, kwani ni kidimbwi?" Kwamboka akadakia, na watu wakacheka.

"Amesilimu."

Kicheko kikakatika. Mugambi akavua miwani. "Mama Wairimu, hilo umeliona ama umelisikia?"

"Nimelisikia kwa mdomo wake. Anafunga, na anafungua kwa Bi Mwanamkisi. Na Bi Mwanamkisi ameniambia wazi kwamba amepata njia."

Bi Mwanamkisi hakusema "amepata." Hilo niliongeza mimi, hapo hapo, na nilijua naliongeza.

"Ndiyo maana haji mikutanoni," mama mmoja akasema.

"Na vitambaa je?" Kwamboka akauliza. "Ataswali huko halafu atufulie altare? Mama Wairimu, wewe uliyesikia, nenda ukavilete."

Nikapewa kazi hiyo, na nisiseme uongo, niliipokea nikijiona mtu wa maana.

Nilikwenda Jumatano ya Wiki Takatifu, alasiri. Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi na yeye hayupo. Nikaingia, nikasimama, halafu nikafanya kile ambacho macho yangu yamezoea kufanya. Nikachungulia. Nilikuwa natafuta msala, au tasbihi, au buibui nyuma ya mlango. Nikaona rozari imetundikwa msumarini na picha ya Ryan siku ya komunyo ya kwanza. Nikaona sufuria mbili zimepinduliwa juu chini, kavu, zina vumbi. Jikoni kwenye makaa palikuwa na utando wa buibui. Nikafunua kopo la sukari: tupu. La chumvi lilikuwa na chumvi. Juu ya rafu palikuwa na mfuko mmoja wa unga wa muhogo, nusu umetumika, mdomo umefungwa kwa uzi, na kwa nje umeandikwa kwa kalamu ya risasi: wa altare.

Rael akaingia na ndoo ya maji. Aliiweka chini, akaegemea ukuta kwanza, ndipo akanisalimu.

"Karibu, Mama Wairimu. Ningekupa chai, lakini si unajua nafunga."

"Najua. Nimekuja kuchukua vitambaa."

"Vyote? Kile kirefu cha Pasaka sijakitia wanga."

"Mwaka huu tunasaidiana tu, upumzike." Uongo ulitoka laini kama mafuta.

Akanitazama, akaenda kuvichukua sandukuni. Ili nisinyamaze nikasema, "Unga huu umebaki mwingi."

"Huo ni wa altare. Padre alinipa kwa ajili ya wanga. Kile kirefu kinakunywa wanga sana." Akaushusha mfuko, akanitilia mkononi juu ya vitambaa. "Basi nenda nao."

Nikatoka nimebeba chakula pekee kilichokuwa katika nyumba ile, na bado sikuelewa. Au nilianza kuelewa na nikakataa.

Nje, Bi Mwanamkisi alikuwa mlangoni kwake akichagua mchele.

"Umemuona?" akaniuliza. "Si nalikwambia?"

"Ndiyo, uliniambia ana njia."

"Njia? Njia gani?"

"Ndia. Ulisema yuna ndia."

Akaweka ungo chini. "Ndaa, Mama Wairimu! Ndaa!" Akajipiga tumbo kwa kiganja. "Nyinyi mwasemaje? Njaa! Yuna ndaa. Kazi ya Ras Kitau imekwisha tangu Januari, hoteli imefungwa. Kila asubuhi huchukua mkoba akaenda gatini akakaa, watu wasiyue. Nimemuita ale mchana, akakataa, yuwaona haya. Mwezi huu nikapata ndia ya kumlisha: mtu akisema nafunga, nami namwambia basi ndoo kwangu ufungue. Nikakwambia wewe kwa kuwa ni ndugu yenu wa kanisa. Mumempa nini?"

Nilisimama pale na ule mfuko mkononi.

Mtu mwema angerudi ndani saa ile ile, akarudisha unga na kuomba msamaha. Mimi nilikwenda kwa Mugambi. Nikamwambia jina la Mama Ryan lirudishwe, palitokea kutoelewana. Alinielewa kuliko nilivyotaka.

"Tutasema lilirukwa kwa bahati mbaya," akasema.

"Ndiyo, lilirukwa," nikasema, na nikashukuru. Vitambaa na ule unga nikampelekea Kwamboka, kwa sababu kuvirudisha kungehitaji maelezo. Kwa Rael nikamtuma Wairimu na viazi na kabichi. Mimi mwenyewe sikuenda.

Alhamisi asubuhi nikaenda kuungama. Nilifikiri nitasema "nimemsingizia jirani" nipewe sala nimalize. Padre akauliza, "Ulimsema wapi?"

"Mbele ya jumuiya."

"Basi jina lake utalirudisha mbele ya jumuiya."

"Padre, nitaaibika."

"Na yeye?" Kisha akauliza polepole, "Na kama ingekuwa kweli amesilimu, mngemnyima?"

Swali hilo sijalijibu hadi leo.

Jumapili ya Pasaka kanisa lilijaa. Askari, walimu, wachonga mawe kutoka Manda, watoto wamevaa soksi nyeupe. Kitambaa kirefu cha altare kilikuwa kimelegea, kina mkunjo mrefu katikati, na upande mmoja ulining'inia kuliko mwingine. Padre alikilaza kwa mkono mara mbili, kikarudi. Wengine waliimba Aleluya. Mimi niliangalia ule mkunjo.

Baada ya misa tukakusanyika kwenye kivuli cha ukumbi kugawa pakiti. Rael alikuwa amesimama nyuma kabisa, amevaa gauni lake la bluu ambalo sasa lilimpwaya. Mugambi aliita majina, na mwisho akasema, "Mama Ryan. Utusamehe, jina lako lilikuwa limerukwa."

Rael akaja, akapokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. "Asanteni. Mungu awabariki. Na asante, Mama Wairimu, kwa viazi."

Aliponishukuru ndipo miguu yangu ilinisimamisha.

"Halikurukwa," nikasema. "Nililitoa mimi."

"Mama Wairimu, keti," Kwamboka akaninong'oneza, akinivuta leso.

"Nilisema Mama Ryan amesilimu. Si kweli. Bi Mwanamkisi aliniambia ana njaa na mimi nikasikia ana njia. Na pale niliposikia vibaya, nikaongeza langu. Alisema anafunga kwa sababu hakuwa na chakula. Hata vitambaa tulimnyang'anya, na nyumbani kwake hakukuwa na kitu ila unga wa kutilia wanga, na hakuula."

Mugambi alitazama viatu vyake. Kisha nikamwona Rael, na nikajua nimefanya kosa la pili: nilikuwa nimeitangaza njaa yake, ile aliyoificha tangu Januari kwa mkoba na leso. Alikuwa ameikumbatia ile pakiti kifuani.

"Nilidhani mnanikwepa kwa sababu nimekonda," akasema. "Nilidhani mnaogopa ugonjwa." Akageuka, akaenda zake, polepole, mgongo umenyooka.

Kwamboka alimpelekea vitambaa na unga wake siku iliyofuata, akilia. Rael alivipokea. Mimi nilipomsalimu njiani aliitikia "Milele na milele, amina" na hakusimama.

Siku kumi baada ya Pasaka ikawa Idi. Mji mzima ulinukia biriani na mahamri. Alasiri Wairimu akarudi kutoka kwa Hafswa, ananukia udi, na kwa mara ya kwanza sikumnusa. Alikuwa na sahani mkononi, imefunikwa kwa kitambaa cheupe kilichokakamaa kama karatasi.

"Ni ya Mama Ryan," akasema. "Wamepika pamoja na Bi Mwanamkisi. Unga ni ule wa pakiti ya Pasaka."

Nikafunua. Mahamri sita, bado ya moto.

"Amesema nini?"

"Ameuliza kama umefungua."

"Aliuliza akicheka?"

Wairimu akafikiri. "Aliuliza tu."

Sahani ya jirani hairudi tupu, huo ndio utaratibu wetu hapa. Siku tatu nilitafuta kitu cha kuweka juu yake na kila kitu kilionekana kidogo. Mwisho nikaweka nyanya na maembe mawili, nikaenda mwenyewe, sikumtuma mtoto. Rael alikuwa akitia wanga. Palikuwa na makaa jikoni, na sufuria juu yake.

"Karibu," akasema bila kuinua kichwa. "Weka hapo."

Nikaweka. Nilikuwa nimejitayarishia hotuba na ikapotea yote. Likatoka lile ambalo nilipaswa kuuliza siku ile ya kwanza, pale mezani pangu, badala ya kuuliza kama anafunga.

"Mama Ryan, umekula leo?"

Akakamua kitambaa, maji meupe yakachuruzika kwenye beseni.

"Leo nimekula."

"Na jana?"

"Na jana pia. Sasa usianze kunilinda kama Wairimu wako." Akanipa ncha moja ya kile kitambaa kirefu. "Shika hapo. Vuta. Usikiachie kikagusa chini."

Nikashika, nikavuta, na sikukiachia.