Uso Uliokazwa na Liwa

Nikinusa liwa iliyosagwa, ule mti wa manukato wa kujipaka usoni, mashavu yangu hukaza kidogo, kama yanayongoja maji.

Nilikuwa mdogo siku dada yangu, aliyemsaidia mama kunilea, alipokuwa anapelekwa kwa mumewe. Tangu alfajiri uso wake ulipakwa liwa, ikakauka mpaka ngozi ikambana. Aliponawa na kujifuta, shangazi alimpaka mafuta ya nazi. Uso uling'aa, lakini haukulegea.

Wanawake walimtazama. "Bi arusi gani halii akiondoka kwao?" mmoja akauliza. "Huyu ana haraka ya mume!" Wakacheka.

Bibi akamgusa shavu. "Uso wauma?"

"Nikilia machozi yananichoma, bibi. Najizuia."

Bibi alimbandika dada usoni kitambaa cha maji baridi, akakiacha kwa muda, kisha akampaka mafuta kidogo uso ungali majimaji.

"Mafuta peke yake hayainyweshi ngozi," alisema. "Kazi yake ni kuyazuia maji yasitoke. Haya, mjukuu wangu, sasa lia."

Dada alinivuta kifuani akalia, na hakuna aliyecheka tena.

Kesho yake mama alitaka kuifua kanzu yangu. Bega la kanzu lilikuwa bado linanukia liwa. Nilikataa kuivua.