Programu Ilipomsahau Nukta

Mimi na ile kompyuta hatukuwa tukisalimiana. Iliingia nyumbani kwangu siku kiwanda cha uchapaji kilipofunga chumba cha wapanga kurasa na kuwaambia mafundi wake kila mtu akafanyie kazi kwake. Ikakaa kwenye kona ya sebule palipokuwa na kabati langu la vyombo, nami nikaihesabu kama mke mwenza. Ilipewa feni yake. Ilipewa kitambaa cha kuifunika, nilichokishona mwenyewe kwa mikono yangu hii. Cherehani yangu ikahamia barazani, juani na vumbini, na wateja wakanifuata huko huko.

Mwenye kompyuta ni mume wangu. Kazi yake ni kupanga kurasa za vitabu. Anapokea maneno yamemwagwa tu ovyo, anayapa ukubwa wa herufi, anayawekea pambizo, vichwa vya sura na majedwali, kisha anarudisha kitabu kilicho tayari kwenda mashineni. Kiwandani walimbandika jina la Nukta, kwa sababu hakuna nukta iliyowahi kumpita. Ukimletea kadi ya harusi, kabla hajauliza nani anaoa atakuonyesha nafasi iliyozidi kati ya maneno mawili. Ni mtu wa maneno machache na kichwa kigumu, na akishasema kazi imekwisha, imekwisha. Mimi nilimjivunia, nasema wazi, mpaka majirani wakawa wakiniona naja wanabadilisha mazungumzo.

Kazi yenyewe aliifanya kwa namna zake. Meza aliigeuza akawa anakaa mgongo ukutani, skrini ikamwangalia yeye peke yake. Dirisha lililo juu ya kichwa chake alinitaka nilishonee pazia zito, eti mwanga unamuumiza. Masikioni alivaa visikilizio siku nzima, na mimi nikajua ni mpira huo, anasikiliza mpira. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe juu ya vitufe, na kipanya kilikuwa kimelala tu pale pembeni kinashika vumbi. Alinieleza zamani kwamba vitufe vyote amevifundisha: hiki kinaweka kichwa cha sura, hiki kinafunga jedwali, hiki kinasogeza safu. Nikasema hongera, nikarudi kwenye sindano zangu.

Mwezi huo alikuwa na kitabu cha dozi za dawa za watoto, cha kusambazwa kwenye zahanati. Sehemu ya kwanza alikuwa ameshaipeleka kiwandani, ya pili ilikuwa inangojewa kabla ya wiki kwisha. Kitabu hicho kilimtia hofu. Tukiwa mezani aliniambia kwamba kwenye kitabu cha hadithi ukikosea msomaji anacheka na kuendelea, lakini humu namba ikiingia mstari usio wake, muuguzi anampimia mtoto mchanga dozi ya mtoto mkubwa, na mtoto anakufa. Alisema hivyo ameacha kula. Nikamwambia bora wamempa yeye kuliko mwingine yeyote.

Siku yenyewe umeme ulikatika asubuhi, ukarudi, ukakatika tena, kisha ukarudi kwa nguvu mpaka friji ikapiga kelele. Nilikuwa barazani na rundo la sare za shule. Nikamsikia akiwasha kompyuta upya, akatulia kidogo, kisha vitufe vikaanza kulia kama kawaida. Mchana mvua ikashuka ya ghafla, ya upepo, na nikakumbuka lile dirisha juu ya kichwa chake. Nikakimbia ndani, nikajipenyeza nyuma ya kiti chake nilifunge kabla maji hayajaiharibu kompyuta.

Nililifunga. Kisha, kwa kuwa nilikuwa pale pale, nikatupa jicho kwenye skrini.

Jamani. Vichwa vya sura vilikuwa vimepandana, kimoja juu ya kingine. Jedwali la dozi lilikuwa limemwagika ukurasa mzima, safu ya umri imeingia ndani ya safu ya uzito, na huku chini kuna mstari mweusi mrefu usio na kazi yoyote. Hata mimi ambaye kazi yangu ni kukata vitambaa nilijua kwamba hapo hakuna kitabu. Na yeye vidole vinakwenda, vinakwenda, anaongeza uharibifu juu ya uharibifu, uso umetulia.

"Baba," nikamwambia, "hiki ndicho unachopeleka kiwandani?"

"Kimekaa vizuri," akasema, bila kuacha kugonga. "Kimebaki kidogo tu."

Jambo la kwanza nililofikiri ni kiharusi. Nikamshika paji la uso, nikamgeuza kidevu nione kama mdomo umekwenda upande. Akanitoa mkono. Nikamwambia ukurasa ulivyo, kichwa kwa kichwa, mstari kwa mstari, na hapo ndipo vidole vyake viliposimama. Alibaki ameviweka juu ya vitufe, havigongi.

Akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba programu imemsahau. Ilipowaka baada ya umeme kurudi ilifunguka kama imetoka dukani siku hiyo, mipangilio yake yote haipo. Alidhani vitufe angalau vimebaki na alivyovifundisha, kwa hiyo akaendelea. Nikamuuliza aliendeleaje asubuhi yote bila kuona kinachotokea. Akaniomba nirudi barazani, na akaongeza kwamba nisithubutu kumpigia mdogo wangu.

Mdogo wangu ni fundi wa kompyuta, yuko mji mwingine, na hajawahi kumkosea shemeji yake hata siku moja. Kwa nini asipigiwe? Nikajua hapa kuna jambo, na mimi ukinikataza bila sababu ndiyo umenituma. Nilimwambia mume wangu aende akajinyooshe kitandani, nikakaa kwenye kiti chake, nikapiga simu.

Mdogo wangu aliniambia nitulie, hakuna kilichopotea. Akaeleza kwamba mipangilio haikai ndani ya programu yenyewe. Inakaa kwenye folda yake, mahali pa mwenye kompyuta, na folda hiyo imefichwa. Nikauliza nani kaificha. Akacheka, akasema imetengenezwa hivyo makusudi, ili watu kama dada yake wakifanya usafi wasiitupe. Basi akaniongoza. Fungua hapa, bonyeza pale, sasa iamuru ionyeshe vilivyofichwa. Kipanya kilikuwa kinanikimbia kama kuku, na mara mbili nilifungua kitu ambacho sikukiomba. Mwishowe vikajitokeza vimepauka, folda kibao, na kati yake mbili zenye jina moja. Moja ilikuwa imeongezewa mwishoni neno la kuonyesha kwamba ni ya zamani.

"Hiyo hiyo," akasema. Umeme ulipokatika vibaya programu ilishindwa kuisoma, ikaisukuma pembeni na kujitengenezea mpya. Nikaambiwa niifunge programu, ile mpya niiondoe njiani, ile ya zamani niirudishie jina lake.

Mume wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba. Sikujua ametoka saa ngapi. Akasema niache, atamalizia mwenyewe. Alisema kama mtu anayeomba, na yeye si mwombaji. Nikamjibu asinipotezee muda, kitabu kinangojewa. Nikaifungua programu.

Skrini ikawa nyeusi yote. Kisha katikati ya weusi likaja neno moja, la manjano, limejaa kutoka ukingo hadi ukingo: mtoto. Neno moja tu. Herufi zilikuwa kubwa kuliko kiganja changu. Na kutoka kwenye vile visikilizio vilivyolala mezani nikasikia kisauti kinasoma, mtoto, mtoto wa umri, mtoto wa umri wa miezi. Hakukuwa na mpira wowote. Hakujawahi kuwa na mpira.

Nikamwambia mdogo wangu kwamba nimeiharibu, na nikamweleza ninachokiona.

"Dada, hujaharibu kitu," akasema. "Hivyo ndivyo shemeji alivyoiweka. Kaa naye mzungumze." Akakata simu kwa adabu zake.

Nilibaki nimelikodolea macho lile neno. Huyu mtu nalala naye kitanda kimoja, namfulia, namjua anavyokohoa akiwa na mawazo, na kumbe mashine iliyoletwa juzi inajua jambo lake ambalo mimi silijui. Nilihisi hasira, na aibu, na huruma, vyote vimenikaba pamoja, na sikujua nianze na kipi.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

Akaketi kwenye kochi. Alisema lilianza jicho la kulia, na la kushoto likafuata. Pembeni anaona. Katikati kuna doa, kama mtu amepaka moshi, na doa linakwenda kila anapotazama. Daktari alishamwambia kilichokwenda hakitarudi. Alikwenda huko peke yake, akaniaga kwamba anapeleka kazi kiwandani.

"Nikikutazama usoni, unapotea," akasema. "Nikitaka kukuona, natazama mlango."

Hapo nilikaa chini. Ugomvi tuliogombana mwaka mzima juu ya jambo hilo! Kwamba nikiongea naye anatazama mlangoni kama mtu aliyechoka na mimi. Nilishafika mahali pa kuwaza kuna mwanamke anayemngoja huko nje. Na yeye alikubali nimuwazie hivyo, akamezea, kuliko kunieleza. Nilimwambia wazi kwamba ningempiga kama angekuwa anauona mkono wangu unakuja. Akacheka kidogo. Mimi nililia.

Nilipofuta uso nikauliza lililokuwa linanitisha. Zile namba za dozi, anazionaje? Akasema maneno anasomewa na ile sauti, lakini jedwali sauti inalisoma mfululizo, haisemi namba ipi iko mstari gani. Hapo hubandika jicho kwenye skrini na kutafuta kwa pembeni. Nikamuuliza ana hakika na majedwali ya sehemu ya kwanza, yale yaliyokwisha kwenda kiwandani.

"Sijui," akasema.

Nukta mzima anasema hajui. Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka mbele ya skrini. Nikamwambia apige simu kiwandani sasa hivi. Akakubali haraka mno, ningepaswa kujua kwamba ana lake. Akaibonyeza simu kwa mazoea na kuiweka sauti ya nje, kama anavyofanya siku zote, na msimamizi wa mashine akapokea.

Mume wangu akamsalimia, akamwambia umeme umemsumbua, sehemu ya pili itachelewa kidogo. Basi, hayo tu. Nikamkazia macho, na ya nini, macho yangu yangemfikiaje. Msimamizi akasema hakuna tabu, mzee, pole na umeme, sehemu ya kwanza iko kwenye mashine muda huu na inatoka safi. Kweli nyuma yake mashine ilikuwa inanguruma.

"Na mfikishie mama shukrani zetu," akaendelea. "Tangu utuambie macho yamechoka na yeye ndiye anayekusomea, namba kwa namba, sisi huku tuliacha kupitia. Tunachapa moja kwa moja."

Mimi? Mimi wa barazani, wa sare na vifungo? Ukurasa wa kwanza niliowahi kuutazama kwenye ile kompyuta ni ule wa mchana huo. Kumbe huko kiwandani nina kazi, na wananiamini nayo, na zahanati zote zitapimia watoto wa watu dawa kwa macho yangu ambayo hayakuwapo.

Mume wangu akanyanyua kiganja, ananizuia. Nilielewa vizuri anachoniomba. Nikifungua mdomo amemwaga unga, na lile jina alilolijenga tangu ujana wake limekwisha, mbele ya watu wale wale waliompa. Nilimpenda sana pale. Nikaichukua simu.

"Ni mimi mama mwenyewe," nikasema. "Sijamsomea hata ukurasa mmoja. Zima mashine."

Msimamizi akauliza ninasemaje, kelele ni nyingi. Nikavuta pumzi nirudie. Mume wangu akanipokonya simu, nami nikajua anakwenda kunikanusha, anakwenda kusema mama anatania. Akaileta karibu na mdomo.

"Zima," akasema. "Sioni. Mama hakusoma, na mimi sioni."

Tukasikia mtu anapiga kelele huko, kisha mashine ikapunguza mwendo, ikajikokota, ikanyamaza, na sauti nyingine mbali nyuma ikauliza kuna nini.