Maji ya Mpera Kabla ya Kipimo

Mimi nina hasira za karibu, Ngulyati nzima inajua, na habari hii sijawahi kuisimulia bila hasira. Atakayetaka nizungumze kwa upole akamtafute mwingine.

Nilikuwa nimeolewa Mwamapalala, mwaka wa tatu ulikuwa unaisha na mimba haijaingia. Chini ya kitovu kulikuwa na maumivu yasiyolala. Nilitokwa na uchafu wenye harufu, nikawa nafua kanga zangu peke yangu, mbali na wenzangu, nikijidai napenda kufua mapema. Wazee wa upande wa mume walishasema: pamba ikiuzwa tu, wanakwenda kwa baba yangu kuzungumza habari ya ng'ombe wao. Kwetu ukisikia maneno hayo, ujue mke anarudishwa na mahari inadaiwa.

Siku waliyosema hivyo, mume wangu hakuwa mkali. Alikuwa ameketi juu ya jembe la kukokotwa, akaniambia, "Nenda Bariadi ukapime. Wakikukuta na ugonjwa, ugonjwa una dawa, nitawatuliza wazee. Wasipokukuta na kitu, mimi nitawaambia nini?"

Nikamuuliza, "Na wewe je, hupimi?"

"Ukipimwa wewe, nimepimwa mimi. Si tunalala kitanda kimoja?"

Nikapitia kwetu Ngulyati kumchukua shangazi. Huyu ni dada wa baba, ndiye aliyenilea mama alipofariki. Naye aliwahi kuolewa, zamani sana, akarudishwa na ng'ombe wakarudi, kwa sababu hakuzaa. Wakamwita mgumba, na jina hilo likamkaa hata watoto wadogo wakawa wanalijua. Sijamwona akililia jina hilo. Alifagia tu. Uwanja wake ulifagiliwa asubuhi na jioni, sufuria zake ziling'aa nje na ndani, na yeye mwenyewe alinukia sabuni wakati wote. Nadhani alishaamua kwamba wakimsema kwa lolote, hawatamsema kwa uchafu.

Asubuhi ya kwenda akaniamsha akiwa tayari amechemsha majani ya mpera. Akatia na shabu ndani ya yale maji, akaweka kipande cha sabuni ya mche pembeni.

"Utavua nguo mbele ya daktari," akasema. "Hatukupeleki ukawaonyeshe uchafu. Osha ndani mpaka maji yatoke meupe."

Niliosha. Jamani, yale maji yaliwaka! Nikatoka bafuni machozi yananitiririka, na yeye ananisubiri na ndoo ya pili. "Vumilia mayu, mama yangu, tumalize." Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyonifundisha mimi tangu nilipovunja ungo. Nilimpenda kwa kunichemshia maji yale, nawaambia ukweli.

Hospitalini foleni ilikuwa ndefu, wanawake watupu, kila mmoja akiangalia miguu yake. Nilipoitwa nikasitasita kupanda kitandani. Muuguzi akasema kwa sauti, "Panda mama, mficha uchi hazai!" Waliokuwa mlangoni wakacheka, nami nikacheka, maana nilijua siku ile hakuna aliyekuwa msafi kunishinda. Kijana wa maabara akaja na kijiti chenye pamba kwenye ncha, nikageuza uso ukutani. Hakuniuliza kitu, na mimi sikumwambia kitu.

Majibu yakatoka: hakuna kilichoonekana. Niko mzima.

Shangazi alipiga kigelegele pale pale barazani. Mimi nilijishika tumbo. Mzima wa nini, na tumbo linanikata hivi? Nilikuwa nimeomba ugonjwa. Msinishangae, nilipiga magoti usiku ule uliotangulia nikamwomba Mungu anipe ugonjwa wenye jina na wenye dawa, na yeye akaninyima.

Mume wangu alisikiliza majibu, akaondoka bila kunitazama. Jioni mama yake akaniambia nikapumzike kwanza kwetu mpaka pamba iuzwe. Nikafunga nguo zangu. Nani asiyejua maana ya mapumziko ya namna hiyo?

Nilikaa Ngulyati wiki kadhaa nikizidi kudhoofika. Homa ikaanza, nikawa natembea nimejikunja. Shangazi akasema turudi Bariadi, na kama kawaida akachemsha mpera. Nikaosha.

Safari hii maabara tulimkuta dada mtu mzima, mpole, anayezungumza Kisukuma. Alisalimia, "Mwangaluka," kisha kabla hajagusa kitu akauliza, "Leo umejisafisha vipi?"

Shangazi akamjibu kwa fahari, moja moja: mpera, shabu, sabuni, ndoo mbili.

Yule dada akakirudisha kijiti mezani. "Na mara ya kwanza mlipokuja?"

"Vilevile," shangazi akasema. "Hatuwezi kukuletea mtu mchafu, mwanangu."

"Mama," akasema taratibu, "tunachokitafuta ndicho mlichokiosha. Siku ile walipima maji yenu ya mpera."

Nilitaka kumpigia mtu kelele na sikumpata wa kumpigia. Kijana wa mwanzo hakuuliza. Shangazi alitenda kwa mapenzi. Nami niliosha kwa mikono yangu mwenyewe. Yule dada akatuambia turudi nyumbani, nisijisafishe ndani kabisa kwa siku tatu, kisha nije hivyo hivyo nilivyo.

Siku zile tatu zilikuwa adhabu. Nilijinusa mwenyewe nikaona aibu. Shangazi alinizunguka bila kusema, mara kwenye ndoo, mara anaiacha. Mpera ulibaki na majani yake.

Tuliporudi walikiona. Kisonono. Daktari akaeleza kwamba ni cha siku nyingi, kimepanda mpaka kwenye mirija ya uzazi. Dawa zitakiua, alisema, ila palipokwisha kuharibika hawezi kuniahidi. Na mume lazima atibiwe, la sivyo kitanirudia.

Mnajua nilifurahi? Nilitoka mle ndani nikikimbia, na tumbo langu lile bovu. Ugonjwa wenye jina! Nikampigia mume wangu pale pale barazani, nje ya mlango wa maabara, shangazi yuko pembeni. Nikamweleza yote, mpaka habari ya mpera.

Akasema, "Majibu ya kwanza yalisema u mzima. Ulipoondoka kwangu ulikuwa mzima. Sasa huu umeupata wapi, huko kwenu?"

"Nimekwambia niliosha!"

"Mimi najua majibu ya hospitali. Habari ya majani sijui." Akakata.

Hapo ndipo nilipokumbuka vile vidonge vya rangi mbili alivyokuwa akimeza mwaka tuliooana, akivitoa mfukoni mwa koti, akisema ni vya kifua. Hakuwahi hata kukohoa. Nikapiga tena, simu imezimwa. Wazee walikuja pamba ilipouzwa wakachukua ng'ombe wao, na waliyoyasema juu yangu mbele ya baba yangu sitayarudia.

Lakini siku ile, barazani, nilikaa chini kwenye sakafu nikalia kwa sauti, watu wakanipisha. Nilimsubiri shangazi aje aniinue, kama alivyoniinua siku zote. Hakuja. Nikainua uso. Alikuwa amesimama mlangoni kwa yule dada wa maabara, kitenge chake kizuri amekishika kwa mikono yote miwili.

"Na mimi nipime," alikuwa akisema. "Sijaoga ndani siku tatu hizi. Nami niliacha, pamoja na huyu mtoto."

Yule dada akamtazama, mvi zake, mikono yake. "Mama, ya zamani hivyo hayaonekani tena. Hata kama yalikuwepo."

"Najua."

"Sasa nitakuambia nini?"

"Usiniambie kitu. Wewe angalia tu, mwanangu. Mimi waliniita mgumba bila kuniangalia."

Yule dada alinitazama mimi pale sakafuni. Kisha akasogea kando, akampisha shangazi aingie, akavaa glavu.