Kiapo cha Fundi Kufuli

Mtaani walimwita Komeo, na jina lilimkaa vizuri. Alikuwa fundi wa kufuli, mwenye kibanda kilichoegemea ukuta wa duka la rangi. Watu walimwachia funguo za nyumba zao wakaenda zao bila kugeuka nyuma. Siku za ibada alikaa safu ya mbele, na amina yake ilisikika hadi barabarani.

Asubuhi moja akaja bwana mmoja nadhifu, akataka kitasa kibadilishwe kwenye nyumba ya marehemu kaka yake.

"Nyumba tupu hiyo, fundi. Shemeji yangu alishahama."

Komeo akabeba vifaa wakaongozana. Alipokuwa anatoboa mlango, jicho lilimwangukia uani. Kwenye kamba ilianikwa sare ya shule ya mtoto, bado inachuruzika maji. Mkono ukasita. Siku zote akiingiwa na shaka hubisha hodi kwa jirani akauliza, na mlango wa jirani ulikuwa pale pale. Lakini yule bwana alikuwa na haraka, tena alishamgusia kazi ya vitasa vya jengo zima la ofisi. Komeo akageuza uso, akaendelea kutoboa.

Jioni mjane wa yule marehemu alirudi kutoka kazini akakuta ufunguo wake hauzunguki. Akamfungulia shemeji yake kesi, na fundi akaunganishwa humo humo.

Wakili wa Komeo alikuwa mwanamama mchangamfu. "Usihangaike, mzee wangu," alimwambia. "Sheria haimwadhibu aliyetenda kwa nia njema. Uliambiwa nyumba tupu, ukaamini. Au siyo?"

"Niliamini," alisema Komeo, macho kwenye viatu vyake.

Mahakamani alishika kitabu kitakatifu, akaapa. Wakili wa mjane akamuuliza, "Uliona chochote cha kuonyesha kwamba mle ndani kuna watu wanaishi?"

Mjane alikaa benchi la mbele, amemkazia macho kwa matumaini, kama mtu anayemsubiri ndugu yake aseme.

"Sikuona kitu."

Hakimu alimwamini. Alisema fundi alitenda kwa nia njema, na hana kosa. Kisha, kwa maneno hayo hayo ya fundi, akaamua kwamba mjane alikuwa ameshahama kwa hiari yake, hivyo madai yake yanatupwa. Komeo alidhani anajinasua yeye tu, kumbe alikuwa anamzamisha mwenzake.

Nyumbani hakugusa chakula.

"Umeshinda kesi, mbona umekaa kama uliyefiwa?" mkewe aliuliza, akimenya viazi.

"Wakili alisema sheria inatazama nia, mama watoto. Nia yangu naijua mimi."

Akamweleza yote. Mkewe akaweka kisu chini.

"Kitabu ulikishika, baba?"

"Nilikishika."

Mkewe akainuka, akaviacha viazi vile vile. Kwenye ibada iliyofuata, amina yake haikufika barabarani. Alitoka kabla ya wenzake, akamtafuta mjane hadi chumba cha uani kwa dada yake, alikokuwa amejibanza na mwanawe. Alijieleza akiwa amesimama, maana hakukaribishwa kiti.

"Ile sare niliifua kwa mikono yangu," alisema mjane, akiendelea kupiga pasi. "Kwa hiyo hujaniletea habari mpya. Unataka nikwambie yameisha, ukalale usingizi?"

"Hapana, dada yangu." Akaitazama pasi ikipita. "Labda ndiyo."

"Basi umekosea mlango. Uliyemdanganya ni hakimu."

Wakili wake alishika kichwa alipomsikia. "Mzee, uongo chini ya kiapo ni jela! Unajitakia nini?"

"Andika tu, mama. Nikirudi nyumbani nitabadili mawazo."

Kesi ilifunguliwa upya. Safari hii aliapa, na alipoulizwa aliyoyaona, aliyataja yote, pamoja na ile ahadi ya kazi ya vitasa vya ofisi. Mjane akarudishiwa nyumba yake. Komeo akashtakiwa, akakiri. Hakimu alimwambia kwamba sheria humhurumia aliyekosea kwa kuamini, lakini yeye alifumba macho ili asije akajua. Akampa kifungo cha nje: kufagia na kusafisha vyoo vya mahakama ile ile.

Wateja walipungua. Walipita kibandani wakamsalimia kwa adabu zote, kisha wakaenda kwa fundi mwingine. Hata mjane, alipotaka kitasa kipya, alimwita fundi wa mtaa wa pili. Komeo alipoletewa habari hiyo alisema ana haki, akaomba wazungumze mengine.

Siku moja, akiwa anadeki korido ya mahakama, mjane alipita akifuata nakala ya hukumu yake. Komeo akasogeza ndoo, akabana ukutani.

"Kazi njema," mjane alisema, akapita bila kusimama.

Komeo alirudi nyumbani na maneno hayo mawili, akamsimulia mkewe, akamwiga hata sauti. "Unaonaje? Atakuwa amenisamehe?"

"Amekusalimia, baba," mkewe alisema. "Usiongeze chumvi."